Kujikana, Kujinyima na Kunyimwa: Historia ya Fundisho Moja katika Bonde la Kilombero

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo vimechanganywa mno katika mahubiri na, baadaye, katika hotuba za kisiasa: kujikana, kujinyima na kunyimwa. Anayejinyima anacho kitu na anaamua kutokitumia. Anayenyimwa hakuamua lolote. Mwingine ameamua kwa niaba yake. Kujikana ni jambo jingine kabisa, na ndilo lililomo katika Injili. Katika Marko 8:34 na Luka 9:23, ambako Luka peke yake anaongeza kwamba msalaba unabebwa kila siku, kitenzi cha Kigiriki ni kilekile kinachotumika kwa Petro anapomkana Bwana wake katika ua wa kuhani mkuu. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili waliutunza uhusiano huo vizuri. Petro aliulizwa kuhusu mtu, akajibu kwamba hamjui. Mfuasi anatakiwa kusema hivyo hivyo juu ya nafsi yake mwenyewe: asiitambue tena kama bwana anayepaswa kutumikiwa. Chakula, nguo na fedha havijatajwa katika agizo hilo.

Hoja yangu katika makala haya ni ya kihistoria zaidi kuliko ya kiteolojia. Nikiangalia karne iliyopita katika bonde hili la Kilombero, kuanzia Mahenge juu mlimani hadi Ifakara na mashamba ya mpunga ya hapa Michenga, naona kwamba fundisho la kujikana lilifika kwa watu waliokuwa wamenyimwa, likatafsiriwa kwao kuwa kujinyima, kisha dola ikalirithi likiwa katika sura hiyo. Waliojikana kweli walikuwepo, lakini mara nyingi si wale tunaowataja.

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifungua misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Miaka mitatu baadaye vita ya Majimaji ilifika huko, na tarehe 30 Agosti 1905 boma la Mahenge lilishambuliwa. Wapiganaji waliuawa kwa bunduki za rashasha, lakini kilichoumaliza uasi katika nyanda hizi ni njaa, na njaa hiyo ilipangwa. Kapteni Wangenheim, aliyeongoza majeshi ya Kijerumani upande huu, aliwaandikia wakubwa wake kwamba risasi hazitoshi, kwamba ni njaa na dhiki tu zitakazowafanya watu wasalimu amri. Mashamba yalichomwa, maghala yakatwaliwa, mbegu zikaharibiwa. Marehemu Gilbert Gwassa, mwanahistoria aliyeitafiti vita hiyo kuliko wengi wetu, alikadiria kwamba waliokufa katika eneo lote la vita walikuwa kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo.

Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka. Wapogoro, Wandamba, Wambunga na Wabena waliosikia mahubiri ya Kwaresima katika miaka iliyofuata walikuwa manusura wa njaa iliyotengenezwa na serikali. Mhubiri aliposema kwamba kukaa na njaa kwa hiari humpendeza Mungu, alikuwa akiwaambia watu walioijua njaa ambayo hiari haikuwa na nafasi ndani yake. Sisemi kwamba mhubiri alikosea mafundisho. Nasema kwamba neno lilifika katika masikio yenye historia.

Halafu ikaja vita ya wazungu. Oktoba 1917 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Mahenge, yakiwa yamepita katika bonde ambalo vyakula vyake vilikuwa vimeshabebwa na kila jeshi lililotangulia, na watu wake wamechukuliwa kuwa wapagazi. Wengi wa wamisionari Wajerumani waliwekwa kizuizini na kuondolewa nchini. Kati ya kuondoka kwao na kufika kwa Wakapuchini wa Uswisi mwaka 1921, pamoja na masista wa Baldegg waliokuja mwaka huohuo, kazi ya kila siku ya Kanisa katika vigango ilibaki mikononi mwa makatekista.

Katekista wa wakati ule alikuwa mtu wa namna gani? Kwa kawaida alikuwa mwanamume kijana, mwenye mke na watoto, aliyejua kusoma na kuandika katika kijiji ambacho karibu hakuna mwingine aliyejua. Ujuzi huo ungeweza kumpa kazi ya ukarani bomani, au ya unyapara katika mashamba ya mkonge, au duka la Mhindi lingemtaka. Malipo ya misheni yalikuwa madogo mno. Aliishi kwa jembe lake kama jirani zake. Alifundisha sala na alfabeti chini ya mti, alizika wafu, alibatiza waliokuwa kufani. Alikosa heshima ya pande zote mbili: wazee wa ukoo walimwona kijana anayewafundisha watu wazima, na padre alimwona msaidizi asiyejua Kilatini. Kama kujikana ni kukataa kuitambua nafsi yako kama bwana, sioni mfano ulio karibu zaidi na Injili katika bonde hili. Hata hivyo historia nyingi za misheni zinamtaja katika aya moja ya shukrani, bila jina, kabla ya kurudi kwa mapadre. Hilo huniudhi kila ninaposoma.

Wakapuchini walileta kitu ambacho Wabenediktini hawakuwa nacho kwa namna ileile: nadhiri ya ufukara katika mtindo wa Fransisko wa Assisi. Kiswahili cha Kikatoliki, kwa busara, hakikuiita nadhiri hiyo umaskini. Fransisko, mwana wa mfanyabiashara wa nguo, alivua mavazi yake mbele ya askofu wa mji wake na kumrudishia baba yake. Alikuwa na cha kuvua. Tangu siku za kwanza wafuasi wake walisumbuliwa na swali moja: je, jumuiya inaweza kujenga nyumba, kumiliki vitabu na kupokea mashamba wakati kila ndugu mmoja mmoja hana kitu? Mwaka 1279 Papa Nikolao III aliwapa suluhisho la kisheria: mali ni ya Papa, ndugu wanaitumia tu. Mwaka 1322 Papa Yohane XXII aliukataa umiliki huo, na mwaka uliofuata akatangaza kwamba ni uzushi kushikilia kwamba Kristo na mitume wake hawakumiliki kitu chochote, si binafsi wala kwa pamoja. Wakapuchini wenyewe walizaliwa katika miaka ya 1520 kwa sababu baadhi ya ndugu waliona ufukara umelegea. Kwa hiyo ndugu waliopanda mitumbwi kuvuka Kilombero mwaka 1921 walibeba mgogoro wenye umri wa karne saba hivi.

Na mgogoro huo uliota mizizi hapa. Padre Mkapuchini hakuwa na mshahara wala akaunti yake binafsi. Alitembea safari za wiki nzima kwenda vigangoni, akaugua malaria, na wapo waliozikwa hapa. Lakini misheni aliyokaa ilikuwa na majengo makubwa kuliko yote aliyoyaona mkulima: kanisa la matofali, shule, karakana, bustani, baadaye gari na umeme. Ifakara ilipata zahanati ya misheni iliyokua hadi kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka 1957, kwa juhudi za Profesa Rudolf Geigy wa Basel, ikaongezewa jirani yake maabara ya utafiti iliyokuja kuwa mzazi wa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Mtu mmoja mmoja alikuwa fukara, taasisi ilikuwa tajiri. Katika bonde lenye uhaba wa kila kitu, taasisi ile ndiyo iliyoonekana.

Mwanaanthropolojia Maia Green, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu Ukristo wa Wapogoro Wakatoliki wa Ulanga, alionesha jinsi wanakijiji walivyolitazama Kanisa kama chombo chenye mali na uwezo, kilicho mbali na maisha yao, hata baada ya mapadre kuwa Waafrika. Wapo wasomi waliokisoma kitabu hicho kama hati ya mashtaka ya unafiki. Mimi sikubaliani nao. Mnafiki ni yule anayesema asichokifanya, na ndugu wale walifanya walichosema. Tatizo lilikuwa kwamba ufukara wao ulikuwa alama ambayo ni mtu aliyetoka katika jamii yenye vitu angeweza kuisoma. Kijana wa Uswisi anayeacha urithi wa shamba la baba yake anaeleweka mara moja na mjomba wake huko Uswisi. Mkulima wa Kilombero alimwona mtu mwenye viatu, dawa na baiskeli akiwa peku na kamba kiunoni wakati wa sala, na hakuona kilichoachwa, kwa kuwa kilichoachwa kilibaki Ulaya.

Kalenda nayo haikusaidia. Kwaresima huangukia kati ya Februari na Aprili. Kwa mkulima wa mpunga wa bonde hili, hiyo ni miezi ambayo ghala limekaribia kuisha, masika yameanza au yanaanza, na mpunga ungali kijani. Familia nyingi huhamia shambani, wakilala katika madungu kuwalinda ndege na nguruwe, kwa sababu atakayekosa kulinda atakosa kuvuna mwezi wa tano na wa sita. Kumtaka mtu huyo apunguze mlo ni kumtaka apunguze kilichokwisha kupungua. (Huko Ulaya ya kale Kwaresima pia iliangukia mwisho wa majira ya baridi, akiba ikiwa imekwisha, pengine Kanisa lilifanya wema kuipa maana njaa ambayo ingekuja tu. Hata hivyo kuipa njaa maana si sawa na kuiagiza.)

Cha ajabu ni kwamba mapokeo ya Kanisa yenyewe yalilijua hili. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba maskini wasioweza kupata chakula cha kutosha kwa mlo mmoja hawafungwi na sheria ya mfungo. Vitabu vya maadili vilivyotumika seminarini kwa karne nyingi viliwaondolea mzigo huo watu wa kazi nzito za mikono. Na Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kuwakemea wanaofunga huku wakiwabana wafanyakazi wao, akiutaja mfungo wa kweli kuwa ni kuwafungua walioonewa na kumega mkate na mwenye njaa. Yaani mfungo, tangu asili, ulikuwa agizo kwa mwenye mkate.

Kuna kundi jingine ambalo historia yake inastahili zaidi ya aya moja: wasichana wa bonde na wa milima ya Mahenge waliojiunga na utawa chini ya malezi ya masista wa Baldegg. Kwa mzungu, sista alikuwa mwanamke aliyeacha ndoa. Kwa ukoo wa Kipogoro au Kindamba hesabu ilikuwa pana zaidi. Mahari ya binti ndiyo iliyomwozesha kaka yake. Wajukuu aliowazaa ndio waliobeba majina ya wafu. Uchungu wake na uzazi wake ulikuwa mali ya wengi. Msichana aliyesema hapana hakujinyima mume tu. Aliyakana madai ya watu wanaompenda juu yake, mbele ya macho yao, akapewa hata jina jipya. Wazazi wengi walipinga, na sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki mabinti walifuatwa konventini na kurudishwa nyumbani. Wapo watakaosema kwamba walikimbia ndoa zisizo na heshima na jembe lisilo na mwisho, na kwamba utawa uliwapa shule na kazi ya uuguzi. Ni kweli kwa baadhi yao, na sioni ubaya wake. Mtu anaweza kupata uhuru katika njia ileile anayoipotezea cheo chake. Ninachosisitiza ni kwamba hapa, tofauti na kwa padre mgeni, kilichoachwa kilionekana. Kijiji kizima kilijua thamani yake.

Masista hao, wazungu kwa Waafrika, ndio waliofunga vidonda huko Nazareti, makazi ya wagonjwa wa ukoma hapa Ifakara. Huko ndiko vitenzi vyangu vitatu vilikutana chini ya paa moja: aliyefunga kidonda alikuwa amechagua kuwapo, aliyefungwa kidonda alikuwa amenyimwa nyumba, mke na jina zuri kwa sababu ya ugonjwa asiouomba. Wote wawili waliambiwa na mhubiri yuleyule kwamba wanabeba msalaba.

Hapo ndipo nafika kwa Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyehudhuria misa karibu kila siku, na ambaye naamini aliielewa tofauti hii kuliko maaskofu wengi wa wakati wake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima, ambalo lingewafanya wasomi wapokee asilimia 40 tu ya mshahara wao kwa muda wa miezi 18. Walisema, pamoja na mengine, kwamba wakubwa serikalini wanaishi kwa anasa. Mwalimu alikasirika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Lakini jambo la pili alilolifanya siku hiyohiyo husahaulika: alikubali kwamba mishahara ya wakubwa imezidi, akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20.

Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha, na ndani yake masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wenzi wa ndoa walihesabiwa pamoja, ili mume asifiche mali kwa mkewe. Wanafunzi wangu wanapoyasoma masharti hayo huuliza kwa nini hakuna hata moja linalomhusu mkulima. Ndiyo maana yake. Azimio lilimdai kujinyima yule mwenye cha kujinyima. Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, Mwalimu alilipeleka wazo hilo ndani ya Kanisa: umaskini unaomdhalilisha binadamu hauwezi kuwa mapenzi ya Mungu, na Kanisa lisilopambana na mifumo inayouzaa litahesabiwa kuwa sehemu ya udhalimu huo. Aliwaambia hayo wanawake walioweka nadhiri ya ufukara, naye akaona hakuna mgongano.

Lakini Mwalimu yuleyule, baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, aliitaka nchi nzima ifunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ikawa miaka. Sabuni, chumvi, sukari na kanga zikawa vitu vya foleni. Wauguzi wa hospitali wakafua kwa majivu. Safari hii agizo halikutofautisha mwenye mkanda na asiye nao. Vita ilikuwa ya haki kwa maoni yangu, bei ya mafuta ilipanda, na Rais hakuwa na njia nyingi. Hata hivyo lugha ilibadilika: kunyimwa kukaitwa kujinyima, na aliyelalamika akaonekana hana uzalendo, kama vile mkulima wa madungu alivyoonekana hana ibada.

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliyalegeza masharti ya uongozi, na kiongozi akaruhusiwa hisa, nyumba za kupangisha na mishahara zaidi ya mmoja. Tangu Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, kinachotakiwa kwake ni kutangaza mali na madeni yake kwa maandishi. Kutangaza si kuacha. Wakati huohuo, katika shule zetu za msingi na katika zahanati za vijijini, wapo vijana wenye vyeti wanaofanya kazi kwa miaka kwa jina la kujitolea, wakisubiri ajira. Wanasifiwa katika hotuba kwa moyo wa sadaka. Ukimuuliza mmoja wao kama alichagua, atakuangalia kwanza aone kama unatania.

Makatekista nao bado wapo. Katika vigango vinavyozunguka Ifakara, padre hafiki kila Jumapili, hasa mito inapofurika na barabara za mashambani kukatika. Anayesimama mbele ya waumini ni mkulima aliyefuliwa shati lake jeupe na mkewe, ambaye kesho yake atakuwa shambani akiwafukuza ndege. Posho yake, pale inapokuwepo, hutegemea michango ya kigango, na michango ya kigango hutegemea mpunga. Ukitaka kujua majina ya waliomtangulia, usiyatafute katika vitabu vya historia ya misheni. Afadhali ufungue vitabu vya ubatizo parokiani, utazame safu ya wasimamizi: mara nyingi jina moja hurudi ukurasa baada ya ukurasa, mtu mmoja amesimamia watoto wa watu wengi.